Chaki

Miaka thelathini na mmoja niliishika chaki,
skuli ya Tudor, darasa la nne,
vumbi lake puani, kwenye buibui, katika mistari ya kiganja.
Leo naimeza.

Tembe nyeupe, nene kuliko kokwa ya tende.
Mbili kwa siku, kwa sababu kile kidonge kingine,
kile kidogo cha kuuzuia uvimbe usirudi,
chatafuna mifupa kimyakimya
kama mchwa katika boriti za nyumba zetu za Kibokoni:
nakshi iko, rangi iko,
ndani unga.
Hayo daktari alinieleza, hata picha akachora.
Habari za tumbo hakuzigusa.

Nami nilizimeza zote mbili kwa mpigo, alfajiri, sijatia kitu kinywani,
kama mtu alipaye deni aondokewe na mdai.

Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Siku ya nne tumbo limewambwa ngoma,
gesi yazunguka ndani kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimekaa chooni na uradi wangu.
Swaleh abisha mlango:
"Mwalimu, u mzima?"
"Ni mzima. Nasahihisha madaftari."

Ajabu ni hii aibu.
Titi langu la kushoto nimelitaja mbele ya madaktari watano
na kijana mmoja wa mafunzo aliyekuwa akitazama viatu vyake.
Nimelitaja kwa mashemeji. Kwa fundi wa nguo.
Lakini choo!
Choo nilikisitiri kuliko siri ya chumbani.
Nikaona heri niziache tembe. Nikazifukia kwenye kopo la iliki
wiki mbili nzima, na kila nikiulizwa: nimemeza.

Sista Kadzo, kule kliniki ya Makadara,
alizimwaga mezani akazihesabu kwa ncha ya kalamu.
"Mwalimu, hesabu haiingii."
Mimi, niliyewafuma watoto wa watu wakinakili,
nikatazama sakafu.
Nikasema. Mimi kwa mnong'ono, yeye kwa sauti ya mnadani:
"Siku ngapi? Kigumu? Kama cha mbuzi?"
Foleni nyuma ya pazia ikanyamaza kimya.
Kisha mama mmoja wa Kisauni, simjui hata uso:
"Hata mimi!"
Na mwingine: "Wewe una nini? Mimi siku sita!"
Tukacheka hadi kovu likanivuta.

"Ziachanishe," akasema Kadzo. "Moja na chakula cha mchana,
moja na cha usiku. Na zile za kuongeza damu zipe saa zake,
haziwekani pamoja, ni wakewenza hizo.
Maji, mwalimu. Si chai, maji.
Utembee. Na ikikataa, urudi,
iko aina nyingine, daktari ataangalia.
Usiikate kesi peke yako ukamfunga asiye na kosa."

Basi sasa ni papai la Marikiti, na ukwaju ulioloweshwa tangu jana,
na magharibi inapokaribia nashika kiwiko cha Swaleh
hadi uwanja wa Makadara na kurudi,
taratibu, tukipishwa na watoto wa madrasa
ambao baba zao niliwafundisha kugawanya.
Njiani aniuliza, kwa adabu, akitazama mbele:
"Barua imefika?"
"Bado iko posta."

Gesi haijaniachia yote. Ziko siku nalala na suruali ya Swaleh
kwa kuwa ndiyo isiyonibana kiunoni.
Kipimo cha mifupa ni mwezi wa tisa, sijui kitasema nini.

Ila nimelitafuta boksi langu la zamani, chini ya kabati,
nikapata vipande vitatu.
Nyuma ya mlango wa jikoni nachora: mstari kwa kila tembe,
duara kwa kila barua.
Leo Alhamisi, kabla ya adhuhuri,
mistari miwili ya jana, na duara
kubwa, la kujionyesha,
kama sifuri niliyomkataza kila mtoto kuichora.