Nyuma, Kushoto

Korola DX ya themanini na tatu
imeinama nyuma, kushoto,
kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja.
Mihayo yuko uvunguni mwake, gereji ya Nyakato,
kalalia boksi la friji lililopasuliwa.
Naona miguu tu: ndala moja nyekundu, moja ya buluu.
"Springi hii imelala, dada. Sentimita mbili na nusu.
Mlikuwa mnapakia nini huku?"

Mama.
Sikumjibu hivyo. Nilisema, mizigo.

Mama hakukaa mbele hata siku moja.
Miaka kumi na tisa, nyuma, kushoto,
Igogo hadi kanisani, Igogo hadi mwaloni Kirumba,
ndoo ya dagaa miguuni, mkoba mapajani,
na kila kona: "Baba Minza, taratibu, jiwe hilo."
Na jiwe kweli lipo.
Mwanza jiwe halimpishi mtu,
barabara ndiyo huomba radhi ikazunguka.

Lugembe, mtoto wa dada, kaja na picha kwenye simu:
gari limelala chini kama chatu aliyeshiba,
rimu inchi kumi na saba, tairi jembamba kama ufizi.
"Tukate springi, mama mdogo. Mzunguko mmoja na nusu tu."
Nikamwuliza, umeshapanda kwetu mvua ikinyesha,
pale katikati ya mawe mawili, nyuma ya kwa Kwandu?
Ameshapanda.
Kwa miguu.

Bituro naye, muuza rimu wa Buzuruga,
kashusha nne za Vitz, zinang'aa
kama sato aliyetoka majini sasa hivi.
Matundu manne, nati nne, lakini hazionani:
za kwake milimita mia,
zetu mia na kumi na nne na kidogo.
"Kidogo hicho tutachonga," akasema.
Mihayo akatoka uvunguni mzima mzima,
mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Tundu la nati halichongwi.
Atakayelichonga, yeye ndiye apande nalo mlima."

Basi tukachukua za chuma, inchi kumi na nne,
za Datsun iliyokufa zamani,
nyeusi, nzito, hazina maringo.
Matairi mia themanini na tano kwa sitini.
Na springi mbili, ingawa iliyochoka ni moja,
maana, kwa Mihayo, springi ni maksai wa jembe:
ukibadilisha mmoja tu,
yule mwingine atakupeleka shambani kwa jirani.

Akapima. Vidole vitatu kati ya tairi na madigadi.
"Sasa ingieni."
Mimi, Lugembe, Bituro na kilo zake mia na ushee.
Gari likashusha pumzi.
Kidole kimoja.
"Kinatosha," akasema Mihayo, "mradi kisiwe changu."
Akazungusha usukani hadi mwisho, huku na huku,
kichwa kakiinamisha kwenye tairi.
Hailambi springi. Hailambi bodi. Haya.

Ile springi ya zamani niliisimamisha sakafuni
kando ya mwenzake wa kulia.
Fupi kwa kiungo cha kidole.
Bituro alitaka kuipima kwa kilo, chuma chakavu.
Nikaitia kwenye buti
bila kujua naipeleka wapi.

Jioni tukapanda Igogo.
Gari limekaa sawa, sawa kabisa,
na mimi ndani yake nimepinda.
Tulipofika kwenye yale mawe mawili
mikono yangu ikavuta usukani kulia kidogo,
kama baba, kama miaka yote,
kufidia uzito ambao haupo.
Kioo cha kulia kikagusa jiwe, kikajikunja.

Nyuma, kushoto, kimya.
Pembeni yangu Lugembe katoa kichwa dirishani
anazipiga picha rimu za Datsun,
anasema, kwa pembe hii, mama mdogo, si mbaya.