Helmeti ya Njano

Kwa kanuni, hata jua lina saa zake:
tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu,
Juni, Julai, Agosti,
hapana mtu kushika nondo pasipo kivuli.
Sentensi hii nimeisema kwa Kiarabu cha ofisini,
kwa Kihindi cha kuokoteza, kwa vidole,
mpaka imelainika kinywani kama kokwa ya tende.

Leo Ghala, nyuma ya bohari za vigae,
nimeliegesha gari la wizara mbali, makusudi.
Likionekana langoni hupigwa mluzi,
na kiwanja kizima hupumzika ghafla
kama watoto wanaojifanya wamelala.

Saa saba kasorobo.
Kipimajoto kinasema arobaini na saba.
Ghorofa ya nne, juu ya mabomba yaliyofungwa kwa waya,
watu sita, na mikanda ya usalama
imening'inia msumarini, mipya, na vibandiko vya bei.

Msimamizi, Bwana Thankachan, anakuja mbio
na chupa ya laban, baridi, imevikwa karatasi,
ananipokea kama mtu aliyetembelewa na mkwewe.
"Dakika kumi tu, ustadh. Zege halingoji."
Kweli, zege halingoji.
Lakini laban siku hizi siipokei.

Niliipokea Barka, mwaka wangu wa kwanza.
Nilikuwa na kiu. Nikaandika: onyo la mdomo.
Siku ya tisa wakaniita tena,
na safari hii polisi walikuwa wameshatangulia.
Sisemi laban ndiyo iliyomwangusha yule mtu.
Nasema niliinywa.

"Teremkeni!"
Wanateremka, mmoja mmoja, bila kunitazama.
Wa mwisho mguu unamtetemeka, anatafuta ngazi asiione,
nami ulimi unanitoka, si wa ofisini,
ule wa mama, aliyezaliwa Wete:
"Pole pole, mwanangu. Shika hapo. Hapo hapo."

Akasimama katikati ya ngazi.
Akanigeukia, chumvi imemchora nyusi.
"Kumbe mzee unakijua Kiswahili."
Kisha, alipokanyaga chini:
"Basi niambie. Siku yangu ya leo
utanilipa wewe?"

Fomu ina kisanduku cha ngazi,
kisanduku cha mikanda, cha maji ya kunywa, cha vyoo.
Nikaipekua mbele na nyuma
kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Anaitwa Ngowa. Kwao Kaloleni.
Wakala bado anamdai miezi saba.
Helmeti yake ya njano aliivua kunionyesha ufa,
ndani nikaona majina mawili, yamekatwa kwa kalamu ya wino mzito:
moja kwa maandishi ya Kibengali, nisiyoyasoma,
jingine, Dhan Bahadur, na tarehe.
"Lako mbona hujaandika?"
Akaiinamia, akacheka kidogo.
"Nimeona walioandika hawakudumu.
Labda walirudi kwao. Sijauliza."

Nikakifunga kiwanja. Utepe mwekundu, muhuri, saini.
Thankachan akapiga simu, kisha nyingine,
kisha simu yangu ikalia, na aliyepiga ni mkubwa wangu,
anaulizia afya yangu, watoto, joto.
Nikamjibu yote matatu, tena kwa adabu.
Muhuri sikuubandua.

Kwenye mstari wa mashahidi
nililiandika jina la Ngowa, herufi kwa herufi,
nikalitazama.
Shahidi hapa hupewa tiketi ya ndege kabla ya mshahara.
Nikalifuta. Nikaandika: mfanyakazi mmoja.
Karatasi imebaki na kovu pale kwenye ufutio.

Sasa niko garini, kiyoyozi kinavuma, najionea haya kwa kusikia raha.
Wale sita wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta,
kivuli chembamba, hakifiki magotini.
Mmoja amejifunika uso kwa helmeti.
Saa nane na dakika tano.
Hakuna aliyelala.