Mchele wa Kukaanga

Juni, milima ya Khasi, siku ya kumi na saba bila jua.
Phidalia anakaanga mchele mkavu, bila mafuta, bila chumvi,
anaukoroga mpaka unukie,
anaumimina kwenye soksi ya baba yake
ile iliyobaki bila mwenzake,
anapiga fundo.
Si chakula. Ni ulinzi wa kamera.

Mvua ya huku haibishi hodi.
Inalala nawe godoroni, inalegeza chumvi, inauzima kiberiti kabla hakijawaka,
na ukisahau lenzi kabatini mwezi mmoja
utakuta ndani ya kioo kumeota uzi mweupe wenye matawi,
kuvu, inakula picha ambazo hazijapigwa.
Ndivyo ilivyokufa ile ya milimita hamsini.
Siku hizi inakandamiza bili za umeme zisipeperuke.

Leo kaitwa ng'ambo ya daraja la mizizi:
Bi Thrin anadaiwa picha ya kitambulisho
na magoti yake hayataki tena kushuka ngazi.
Kamera imevikwa kofia ya kuogea,
mfuko wa mkate umetobolewa tundu la lenzi,
mpira wa nywele umebana shingo,
na knup, gamba la mianzi na majani ambalo watu hujitwika mgongoni kama kobe,
Phidalia kaligeuza mbele.
"Mgongo wangu nitauanika," anasema. "Hii je?"

Ngazi elfu moja na ushei. Mawe yanateleza kama bamia.

Ndani, moto. Hapo ndipo wengi hukosea:
ukiifunua tu, kioo baridi kitatoka jasho.
Basi wanakaa. Dakika ishirini, mfuko umefungwa,
tambuu inazunguka.
"Anaumwa?" Bi Thrin anauliza, akiutazama mfuko.
"Anazoea joto."
"Haya. Hata mkwe wangu alichelewa."
Anacheka, na uso alioukunja kwa ajili ya serikali
unakunjuka wenyewe.

Sasa.
Tone moja, kutoka nywele za Phidalia mwenyewe,
pa! katikati ya lenzi.
Vitambaa vyote vimelowa.
Bi Thrin anainuka, anapapasa juu ya meko,
anashusha furushi: hariri nyeupe, kavu, inanuka moshi,
aliyojiwekea ya kuzikiwa.
"Futa kwa pembe hii.
Siku hiyo sitakagua."

Usiku, nyumbani, maji yanamchuruzika hadi viatuni.
Anaivua kamera kwanza.