Daftari la Gari la Viti

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu,
msimu ule korosho zilipopanda, na mimi nikapanda nazo:
"Gari, jeupe. Limelipiwa lote."
Mlangoni lina maandishi ya Kijapani.
Masasi nzima hakuna wa kuyasoma;
wateja wakiuliza nasema ni jina langu.

Linabeba viti mia mbili vya plastiki, maturubai manne,
masufuria ya pilau ambayo mtoto anaweza kuogea,
na jenereta inayopiga kelele kuliko bibi harusi na mashangazi zake.

Ukurasa wa pili haujafika katikati, linaanza kuumwa.
"Feni belti."
"Hozi ya chini."
"Feni belti tena, ile ilikuwa bandia."
"Bushi nne. Mguu wa kushoto unagonga kama mtu anayedai."

Gereji ya Fundi Chitanda imeegemea jabali.
Hashiki spana kabla hajasikiliza:
bisibisi anaichomeka kwenye injini, mpini sikioni,
macho kafumba, ming'oko bado iko shavuni,
kisha anatamka, "Mama Asumini, hii inakula oili."
"Na mimi ninakula nini?"
"Moshi mweusi ni nozeli," anasema,
"mweupe ni maji yamepotea njia.
Huu wa bluu ni uzee."

Nikaandika: oili, lita moja kila safari ya Nachingwea.
Nikaandika: shokapu mbili, za mtumba, kutoka Mtwara;
zilikuja na basi, zimeviringishwa kwenye khanga kama mayai.

Siku ya harusi ya Newala lilichemsha mlimani.
Kona ya tatu, mshale umelala kwenye nyekundu,
viti vyote nyuma vinasubiri makalio ya watu
na shehe ameshafika.
Kule juu maji ni mali, ndoo ina bei kama kitoweo.
Mama mmoja akatoka na ndoo yake kichwani, jina hakuniuliza.
Rejeta ikanywa yote bila bismillahi,
ikabeua.
Nikataka kulipa. Akatazama fedha, akatazama gari,
akasema, "Binti yangu anaolewa mwezi wa kumi na moja.
Viti hamsini."
Nayo nimeiandika: maji, ndoo moja, viti hamsini.
Sijapata kununua maji ghali kuliko yale,
wala sikujuta, ila katika hamsini
nilimpenyezea vitatu vyenye ufa.

Asumini alipomaliza kidato cha nne akalichukua daftari.
Yeye hujumlisha. Mimi nilikuwa naandika tu,
kujumlisha naogopa.
Usiku mmoja akanisomea: klachi,
silinda hedi imechongwa mara mbili,
taa ya kulia (ng'ombe), alteneta, sakafu kuzibwa kutu,
klachi tena.
"Mama, kwa hela hii ungenunua jingine na nusu."
Na yule mnunuzi wa chuma chakavu wa Lindi kashapita mara mbili;
analitazama kama watu wanavyomtazama kuku mgonjwa,
haraka haraka, kabla hajafa.

Nikalivuta daftari nione mwenyewe.
Kati ya "breki pedi za mbele" na "maji ya betri",
kwa mwandiko wa Asumini, bila hata nukta:
"Goti la mama Ndanda picha na dawa elfu hamsini na tano"
Limejumlishwa humo humo.

Sikusema kitu.
Kesho kuna shughuli Mkuti, lazima liwake alfajiri,
tena kwa kusukumwa, stata siku hizi inataka kubembelezwa.
Kijana wa maturubai atashika usukani,
Asumini atasukuma upande wake, mimi upande wangu,
litakohoa, litasita, litatutupia moshi wake wa bluu usoni
na kuondoka bila sisi mpaka kwenye kona ya msikiti.

Jumla sijaifuta.
Chini yake nimeongeza mstari mmoja:
"Grisi, kopo dogo."