Macho Mazima

Daktari wa macho pale Leicester amesema
macho ya Nasoro ni mazima:
hata herufi za chini kabisa ukutani
kazitaja zote, bila kusita.

Basi mbona mezani,
saa kumi tu na kiza kimeshaingia,
anayafikicha mpaka yawe mekundu,
b inageuka d,
mstari unateleza juu ya mwenzake
kama watoto kwenye barafu?

Bi Hartley kampa plastiki ya njano
afunike ukurasa.
Siku nyingine inamfaa.
Siku nyingine analala juu yake.

Usiku namsomea mimi,
kidole chini ya neno, polepole,
nikijifanya ni kwa ajili yake.
Hajui bado
kwamba nami nilichapwa
kwa b hiyohiyo.