Jiwe Lisilowaka

Juu ya Bacup, kwenye vilima vya Lancashire,
Keziah Hindley, bibi yake bibi yangu,
alilipwa kuokota mawe katika makaa.
Tangu saa kumi na mbili alisimama kando ya ukanda wa chuma,
kitambaa kichwani, vumbi hadi kwenye kope,
na kila kilichokuwa kizito bila kung'aa
alikitupa.

Yalikuwa mabonge ya mviringo.
Hayawaki. Yanazima moto wa watu.

Akaja mwanamume mwenye msumeno,
peni mbili kwa ndoo.
Aliyachana mabonge, akayasugua
mpaka jiwe likawa jembamba kama ngozi ya kitunguu
na mwanga ukapita.

Ndani yake mlikuwa na mbegu,
urefu wake punje ya mchele,
imekaa katika kikombe chake,
na kikombe kimeota vinyweleo vyenye vichwa,
kama pini za kofia ya Jumapili.

Sasa, vinyweleo vile vile
vilikuwa kwenye shina la mmea mwingine,
wenye majani ya kangaga,
ambao kila mtu aliuita kangaga.
Na kangaga halizai mbegu.
Kangaga humwaga vumbi,
likauachia unyevu kazi iliyobaki.

Hapakuwa na kikonyo cha kuwaunganisha.
Hakuna aliyemkuta mama amembeba mtoto.
Vinyweleo tu.
Ndivyo alivyosema mkunga, mwaka ule Keziah alipojifungua
na akina Ormerod wakaapa hawahusiki:
aligeuza sikio la kichanga,
akawaonyesha doa lao wenyewe.
Wakanyamaza. Mmoja alivaa kofia yake, akatoka.

Leo nimeinamia hadubini, Manchester, mvua dirishani.
Karatasi ina jina la mgodi, tarehe,
jina la mwenye msumeno.
Mkono uliotupa haukuandikwa.

Ganda lipo. Mdomo wa mbegu upo,
na chavua mbili zimekwama mlangoni,
zimefika.
Chumba cha ndani ni kitupu.
Hakuna kiinitete. Ilidondoka topeni kabla,
ikageuka jiwe ingali inangoja,
miaka milioni mia tatu na ushei.

Msimamizi anauliza kama nimemaliza.
Narudisha nywele nyuma ya sikio,
namwambia bado.