Kilo ya Maji

Karatasi hapa Tanga, haifi mara ya kwanza,
Huviringwa ya karanga, Riziki anapouza,
Hulazwa kwenye mchanga, na mlinzi penye giza,
Kisha kwangu yamaliza, kama haijui maji.

Barabara ishirini, ua wangu wa mabati,
Mizani ni ya zamani, imening'inia kati,
Wazoaji wa sokoni, huniita "Mama Hati",
Kitabu, gazeti, cheti, vyote, ila mwiko maji.

Mvua ya vuli jana, Ngamiani imenyesha,
Singano kaja mchana, rukwama yake ashusha,
Katoni zimebanana, kwa kamba kazizungusha,
Kidole nikapenyesha, katikati: pana maji!

Nazijua zilo kavu, kwa mlio wa kokoto,
Kati zina kama mbavu, zilopinda kama mto,
Zikilowa, kwisha nguvu, hubaki uji mzito,
Wa kiwanda si mtoto, halipi kilo ya maji.

Nikamwita: "Njoo, kaka, hii kilo ya mvua?"
Singano kacheka, cheka, shati lake kafungua:
"Jasho jingi lamwagika, nalo si unanunua?
Toka Duga, bila dua, bila chai, bila maji."

Nikazifungua kamba, tukaanika uani,
Za sabuni na za pamba, za majani ya Amani,
Moja chini, imevimba: majibu ya mtihani,
Wino wa mwana fulani, umekimbia na maji.

Swali la nne: hutoka, wapi hasa karatasi?
Mtoto ameandika, kwa penseli, kwa wepesi:
"Kwa Shemweta, mwenye duka, shilingi mia, rahisi."
Pembeni pana mkasi, mwekundu, umenywa maji.

"Soma tena, nisikize," akikamua kofia,
"Mwalimu na akataze, mimi vema ningetia.
Mti gani, nieleze, senti umenipatia?
Dukani nazikutia, mtaroni penye maji."

Saa nane, jua kali, likatoka, tukangoja,
Mizani, mara ya pili: thelathini, juu moja,
Tisa zimekwenda mbali, na mawingu, kwa pamoja,
Hakuleta hata hoja, kanywa kikombe cha maji.

Nikamlipa kwa noti, mbili, nazo za kulowa,
Mtihani, kwenye kiti, nimeuweka, kwa kuwa,
Upande wa pili, hati, haijawahi kutiwa,
Deni langu laandikwa: Singano, tisa za maji.